Ndoana Inarudi Tupu: Kisa cha Chambo cha Karpu katika Bwawa Moja la Nyandarua

Kikundi kimoja cha vijana huku Nyandarua kilikuwa kimeshaamua kukausha bwawa. Bwawa lenyewe ni la siku nyingi, lilichimbwa kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe, na miaka kadhaa iliyopita lilipandwa vifaranga wa karpu na wa tilapia. Kikundi kililikodi kwa mpango unaoeleweka: mtu analipa ada ndogo ukingoni, anavua kwa ndoana, na samaki atakayempata anapimwa na kulipiwa kwa kilo. Msimu mzima ukapita wateja wakiondoka na tilapia wasiozidi kiganja, na karpu hata mmoja hakuonekana. Wateja wakapungua, maneno yakazidi. Kuna aliyesema mnandi, wale ndege wala samaki, wamemaliza samaki, mwingine akasema waliuziwa vifaranga wabovu, wa tatu akaapa kwamba usiku watu wanashusha wavu. Mama mwenyekiti aliponipigia simu alikuwa ameshaulizia bei ya kukodi pampu ya maji.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona mabwawa mengi yakihukumiwa vivyo hivyo, na kila mara ni pesa za watu wasio na pesa zinazopotea. Bwawa lilikuwa na samaki. Kilichokosekana ni chambo kinachoweza kukaa chini ya maji mpaka karpu akifikie.

Je, samaki wamo?

Swali hili lazima lijibiwe kabla ya kugusa chambo. Karpu ni samaki wa sakafuni. Anakula akiwa ameinamisha kichwa, anachota tope, analichuja mdomoni, anameza vijidudu na mbegu na kutema kilichobaki. Kazi hiyo huacha alama zinazoonekana hata na mtu aliyekaa ukingoni bila mshipi. Maji ya bwawa hili yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, na upepo wa siku zile ulikuwa mdogo. Kitu kilikuwa kikitibua tope kutoka chini.

Alfajiri, kabla ng'ombe hawajaletwa kunywa, tulikaa upande wenye matete tukayatazama mapovu. Mapovu yapo ya aina mbili, na anayevua bwawani anapaswa kuyajua. Gesi inayotoka topeni yenyewe hupanda mahali pamoja, inakoma, inapanda tena palepale. Mapovu ya karpu anayekula hutoka kwa mashada, madogo madogo mengi kwa pamoja, kisha shada linalofuata hutokea hatua moja mbele, na jingine mbele yake tena, hivi kwamba unaweza kunyoosha kidole na kufuata njia anayopita samaki. Tuliyaona hayo sehemu mbili. Shina moja la tete likatikisika kutoka chini wakati mengine yote yametulia.

Hoja ya mnandi ilikuwa na ukweli nusu. Mnandi humeza samaki mzima, kwa hiyo vifaranga na tilapia wadogo wanamhusu sana. Lakini karpu aliyepita kilo moja amemshinda kooni, na karpu waliopandwa miaka kadhaa iliyopita walikuwa wameshaupita ukubwa huo. Mwenyekiti alipoyaona mapovu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa Mwalimu, kama wako hapa, mbona hawashiki?"

Nani anakula chambo?

Huku kwetu mtu akisema anaenda kuvua, jembe hutangulia. Wateja karibu wote walikuja na kopo la nyungunyungu waliochimbwa kando ya zizi. Wachache walileta ugali uliobaki usiku. Nilipowauliza vijana ndoana hurudi na nini, jibu lilikuwa moja: hurudi tupu, na haichukui muda.

Ndoana inayorudi tupu haraka ni habari nzuri iliyosomwa vibaya. Inakwambia kwamba chambo kinaliwa, ila hujajua na nani. Tulitaka kumjua mlaji, kwa hiyo tulifunga nyungunyungu kwenye uzi bila ndoana na kumshusha kwenye maji mafupi karibu na ukingo, mahali tunapoweza kuona. Tilapia wadogo walimfikia kabla hajatulia chini. Walimvuta, wakamrarua vipande, mmoja akakimbia na mkia, mwingine akarudi kuchukua kilichosalia. Baadaye kidogo akatoka kaa chini ya jiwe, akaukamata uzi wenyewe, akautafuna.

Karpu hana kasi hiyo. Hufika kwa kupekua, hugusa kwa ndevu zake nne, huvuta, hutema, huvuta tena. Katika bwawa lenye tilapia wengi waliodumaa, nyungunyungu hawezi kumngoja. Kwa hiyo mteja aliyeketi nusu saa akiamini chambo chake kiko chini, muda mwingi alikuwa akivua kwa chuma kitupu.

Wapo wavuvi watakaobisha hapa, kwamba karpu anampenda nyungunyungu kuliko kitu chochote. Ni kweli, na sibishani nao. Nyungunyungu ni chakula chake cha asili, ana utomvu unaosambaa majini, na katika bwawa lenye karpu peke yao ningeanza naye bila kufikiri mara mbili. Shida ni kwamba chambo hakikutani na karpu peke yake. Kinakutana na kila mwenye mdomo aliyemo majini.

Jaribio la beseni

Hapa tulifanya jambo ambalo naliona ndilo la maana kuliko yote katika kisa hiki, na halina gharama. Tulichota maji ya bwawa kwenye beseni, tukatumbukiza kila chambo ambacho wateja wangeweza kukipata kijijini, tukaangalia kila kimoja kinaishi muda gani.

Ugali wa jana, uliopikwa kwa ajili ya watu, ulianza kupasuka mapema sana. Ukiuzungusha kidogo kwenye maji, kama unavyozunguka mshipi ukirushwa, unavunjika. Ugali huohuo ukikandwa upya na unga mbichi wa ngano, kiasi cha theluthi yake, hubadilika kabisa: ngano ina utando unaovutika, donge linakuwa gumu la kunata, na lilikaa karibu nusu saa kabla ya kuanza kulainika pembeni. Tulipolikanda tena na omena waliosagwa harufu ikawa kali na maji yakaanza kubeba chembe, lakini lilidumu muda mfupi zaidi, kwa sababu unga wa omena hauna kinachoshika.

Viazi vilinifurahisha. Nyandarua ni nchi ya viazi, na katika Uingereza ya zamani kiazi kilichochemshwa nusu kilikuwa chambo cha kawaida cha karpu kabla ya vyambo vya dukani kuja. Tulichonacho hapa kwa wingi ni Shangi, ambacho wapishi hukipenda kwa sababu huiva upesi. Kwa mvuvi sifa hiyohiyo ni kasoro: kikiiva hadi kulika, hupasuka kwenye ndoana. Kikitolewa jikoni kingali kinakataa uma katikati, kisha kikakatwa vipande vya mraba vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, hukaa kwenye beseni bila kubadilika. Tatizo lake ni kurusha. Ukikirusha mbali kwa nguvu kinachomoka hewani. Ni chambo cha maji ya karibu, cha kushusha taratibu kando ya matete.

Mahindi makavu yaliyochemshwa ndiyo yalikaa mpaka kesho yake bila dalili yoyote. Tulipoyashusha bwawani kwa uzi, tilapia wadogo waliyagonga, wakayazungusha, wakaachana nayo. Punje zilirudi na mikwaruzo tu. Mdomo wa tilapia wa ukubwa ule hauwezi kuimeza punje nzima wala kuivunja.

Karpu anaweza. Ana meno, ila hayako mdomoni. Yako kooni, mapana kama magego, na husaga kwa kukandamiza juu dhidi ya bamba gumu lililo nyuma ya kaakaa. Ndiyo maana hula konokono wenye maganda na mbegu ngumu. Mahindi basi yalikuwa yanamchuja mlaji: wadogo hawayawezi, kaa huyahangaikia kwa muda mrefu, karpu huyasaga bila shida.

Harufu, na biashara ya harufu

Kijana mmoja wa kikundi, fundi wa pikipiki, alikuwa ameagiza kichupa cha kivutia samaki kwa bei iliyonishtua. Wengine walikuwa wanamwaga vanila ya kuokea keki kwenye ugali mpaka ukawa hauvumiliki hata puani mwa mtu. Nataka niliseme hili bila kuzunguka, kwa sababu vijana wanatumia pesa za mafuta na za nauli kununua chupa hizi: harufu haiwezi kuokoa chambo ambacho hakipo tena kwenye ndoana.

Karpu ana hisi kali ya ladha. Vionjio vyake havikomei mdomoni. Vipo kwenye midomo na kwenye ndevu, na ndani ya kaakaa kuna kiungo chenye misuli kinachomwezesha kubana chembe ya chakula na kuachilia tope. Kinachomvuta ni vitu vinavyoyeyuka majini, hasa amino asidi zinazotoka kwenye protini. Ndiyo sababu utomvu wa nyungunyungu, maji ya omena na maji ya mahindi yaliyochachuka hufanya kazi. Mafuta ni jambo jingine. Katika maji ya baridi, na bwawa lililo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari ni la baridi, mafuta huganda au hupanda juu, wakati samaki yuko chini.

Kwa mtu anayeona aibu kwenda bwawani na mahindi wakati wenzake wana vyambo vya pakiti, kuna mambo mawili ya kumpa moyo. Mwaka 1952 Mwingereza Richard Walker alimvua karpu wa ratili 44, karibu kilo 20, katika bwawa dogo liitwalo Redmire Pool, na alikuwa ametumia mkate. Mwaka 1980, katika bwawa hilohilo, Chris Yates alimpata mkubwa zaidi, wa ratili 51 na nusu, kwa mahindi matamu.

Hata vile vidonge vya duara ambavyo Wazungu huviuza kwa bei ghali, shabaha yake ya kwanza ni ileile ya punje yetu. Ni mchanganyiko wa unga na mayai, unaochemshwa ili ufanye ngozi ngumu ambayo samaki wadogo hawaitoboi. Vijana walivitengeneza jikoni kwa mwenyekiti: unga wa mahindi, unga wa ngano, unga wa soya, omena waliosagwa, mayai mawili ya kushikisha. Wakaviringisha vidonge vya ukubwa wa gololi, wakavitia kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja na nusu hadi mbili, wakavianika usiku kucha juu ya gunia. Vilitoka vizuri, na vilikaa kwenye beseni usiku mzima. Lakini ukihesabu bei ya mayai na soya, punje za mahindi zilibaki kuwa chaguo la kila siku, na vidonge vikawekwa kwa ajili ya wateja wanaotaka samaki mkubwa na wako tayari kuvilipia.

Tulivyoyaandaa mahindi

Mahindi huchaguliwa kwanza. Yaliyooza au yenye ukungu hayafai, hata kama yanauzwa kwa bei ya kutupa. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo huwadhuru samaki kama inavyowadhuru kuku na watu, na hapa samaki wanaliwa. Punje nzima zenye afya zililowekwa mchana na usiku mmoja, kisha zikachemshwa karibu saa nzima, mpaka punje ikibanwa kwa vidole inakubali kubonyea lakini haipasuki. Punje kavu isiyochemshwa si ya kumpa samaki, kwa sababu hufura ndani ya utumbo.

Baada ya kuchemshwa hazikumwagwa maji. Ziliachwa kwenye ndoo ndani ya maji yake kwa siku mbili tatu, pamoja na kijiko cha molasi ile wanayopewa ng'ombe. Maji yalikuwa mazito, yenye ute, na harufu ya uji uliochacha. Ute huo ndio kivutio halisi, na ulitoka ndani ya mahindi yenyewe. Kila tulipotupa punje, kijiko cha ute kilikwenda nazo.

Kuhusu kutundika: punje ya mahindi haichomwi na ndoana katikati. Ikichomwa, ncha hufichwa na ngozi ngumu ya punje, na karpu anaitema ndoana bila kuchomeka. Tulitumia mtindo uliobuniwa Uingereza na Lenny Middleton na Kevin Maddocks karibu na mwaka 1980, ambao hauhitaji kifaa chochote cha kununua. Mwishoni mwa mshipi, baada ya kufunga ndoana, unaacha kijiuzi kifupi kikining'inia chini ya mpindo wake. Punje mbili hutobolewa kwa sindano ya kushonea magunia, zikapitishwa kwenye kijiuzi, na kijiti chembamba cha ufagio kikazizuia zisitoke. Ndoana yote inabaki wazi. Karpu anavuta punje, ndoana inafuata, na anapojaribu kutema, ncha inashika mdomo wa chini.

Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, lazima iwe nzito kidogo ili samaki anapoondoka avutane nayo na ajichome mwenyewe. Yule fundi wa pikipiki alikuwa na debe la plagi kuukuu za injini, nasi tukazifanya chubwi. Plagi moja ilitosha.

Siku za kwanza, na samaki wa kwanza

Siku ya kwanza ya mahindi hakikushikwa kitu, na hapo ndipo nilipoogopa kwamba kikundi kingekata tamaa. Kabla ya hapo hakuna tilapia aliyekosekana; sasa hata tilapia hawakuwepo, kwa kuwa hawaziwezi punje. Mzee mmoja mwenye shamba jirani akasema waziwazi kwamba tumefukuza hata wale wadogo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa alichokiona.

Karpu wa bwawa hili hawakuwahi kuona mahindi. Chakula kigeni hugunduliwa taratibu, kwa hiyo kilichohitajika ni kuwazoesha. Tulichagua sehemu mbili zilezile za mapovu, na kila jioni, saa ileile, mmoja wa vijana alitupa konzi mbili za punje kila sehemu, bila kuvua. Konzi mbili, si ndoo. Karpu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama sisi. Chakula hutoka kooni moja kwa moja kuingia utumbo mrefu, na kwa hiyo hula kidogo kidogo siku nzima. Ukimwaga ndoo, nyingi zitabaki chini zioze, na katika bwawa dogo kuoza huko kunakula hewa ya majini. Nimeona samaki wakipumua juu ya maji alfajiri kwa sababu ya ukarimu wa aina hiyo. Asubuhi kijana aliburuta reki ndogo chini. Mwanzoni reki ilirudi na punje. Baada ya siku chache ikarudi na tope tupu, na hapo tukajua meza imepatikana.

Karpu wa kwanza alitoka upande wa matete. Plagi ilitikisika, mshipi ukanyooka, na kijana aliyekuwa ameushika alivutwa hatua nzima majini kabla ya kukumbuka kuulegeza. Alikuwa wa kilo mbili na kitu, mwenye magamba makubwa ya rangi ya shaba, na mdomo unaorefuka mbele na kurudi kila alipopumua. Waliofuata walikuwa wa ukubwa unaokaribiana, jambo linaloonyesha kwamba walipandwa pamoja.

Nikaomba mmoja tumpasue pale pale ukingoni mbele ya wote, maana utumbo wa samaki ndio shahidi wa mwisho. Kwenye sehemu ya mbele ya utumbo zilikuwemo ngozi za mahindi, zimesagwa vipande vyembamba. Nyuma yake palikuwa na tope jeusi, vipande vya maganda ya konokono, na viluwiluwi vyekundu wengi wa visubi wasiouma wanaoishi topeni. Hakukuwa na nyungunyungu hata mmoja. Kijana mmoja akasema, "Kumbe wetu hawakuwahi kumfikia." Mwenyekiti hakutaja pampu tena.

Julai ikapindua jibu

Kama kisa kingeishia hapo, ningewaambia watu mahindi ndiyo chambo cha bwawa hili na kufunga daftari. Lakini mwezi wa Julai uliingia na ukungu wake, usiku wa baridi kali, mchana jua likionekana saa chache tu. Mahindi yakapungua nguvu. Konzi mbili za jioni zikawa zinabaki nusu asubuhi.

Tilapia ni samaki wa joto. Maji yakishuka kuelekea nyuzi 16 za Selsiasi karibu anaacha kula, hujibanza na kungoja. Karpu anavumilia zaidi. Hula vizuri kabisa maji yakiwa kati ya nyuzi 20 na 28, lakini huendelea kula, kwa kiasi kidogo, hata maji yakiwa ya baridi kuliko anavyoweza kustahimili tilapia. Kwa hiyo wezi wa chambo walikuwa wamelala, na karpu walikuwa macho lakini wavivu wa kusaga punje nyingi. Tukarudi kwa nyungunyungu, mmoja mdogo kwenye ndoana ndogo, upande ambao upepo wa mchana husukumia maji ya juu yaliyopata jua, kati ya saa saba na saa kumi. Walishika. Chambo kilekile kilichokaribia kusababisha bwawa likaushwe sasa ndicho kilikuwa bora kuliko vyote.

Kaa hakulala hata Julai, ni kweli, na mteja anayetega karibu na mawe bado anaibiwa. Dawa yake ni kuhama mawe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu za watu, yenye orodha ya vyambo kuanzia bora hadi duni. Orodha ya namna hiyo haiwezi kuwa ya kweli kwa mabwawa mawili, wala kwa bwawa moja katika miezi miwili. Kabla sijamjibu mtu anayeniuliza atumie nini, nami humuuliza: ndoana yako inarudi vipi, na maji yana baridi kiasi gani?

Jambo la samaki hai

Mafanikio yalileta wazo jipya kwenye kikundi: kubeba karpu hai kwa ndoo na kuwatia kwenye bwawa jingine lililo chini ya mto, ili wawe na sehemu mbili za biashara. Nililipinga hili kwa nguvu. Maji ya upande huu wa Nyandarua hushuka kwa Mto Malewa hadi Ziwa Naivasha. Karpu walionekana ziwani kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na wanaofuatilia ziwa hilo wanaamini walitoroka kutoka ufugaji wa huku juu kupitia mto. Miaka michache baadaye walikuwa ndio sehemu kubwa kabisa ya samaki wanaovuliwa Naivasha, na uchimbaji wao wa tope ukazidi kulitibua ziwa ambalo tayari lilikuwa na shida zake. Wavuvi wa Naivasha wamepata riziki kwa karpu, sikatai, lakini hakuna aliyeulizwa kabla. Samaki hai hahamishwi bila afisa wa uvuvi wa kaunti kujua, na maji ya ndoo ya chambo hayamwagwi mtoni. Kikundi kilikubali. Pia waliweka wavu wa matundu madogo kwenye mfereji wa kutolea maji ya bwawa, kazi ambayo ilipaswa kufanywa siku vifaranga walipoletwa.

Hali ilivyo sasa

Kikundi sasa kinauza chambo ukingoni pamoja na ada: kopo dogo la mahindi yaliyochachuka, na Julai nyungunyungu. Wateja hawaruhusiwi kuja na unga wao wa kumwaga, kwa sababu kila mmoja akimwaga anavyotaka, hakuna atakayejua kilichobaki chini.

Linalowasumbua kwa sasa ni kwamba karpu wanajifunza. Mtafiti Beukema, katika kazi aliyoifanya kwenye mabwawa ya Uholanzi na kuichapisha mwaka 1970, alionyesha kwamba karpu aliyewahi kushikwa na ndoana anakuwa mgumu sana kushikwa tena, na hukaa hivyo kwa muda mrefu. Katika bwawa hili karpu wadogo hurudishwa majini ili wakue, na kila anayerudishwa anarudi na somo. Upande wa matete, ambako wengi wamevuliwa, punje mbili kwenye kijiuzi huguswa na kuachwa, wakati punje zilizotawanyika kando yake huliwa zote. Vijana wameanza kubadilisha upande huo kwa vipande vya kiazi, na kuupumzisha kabisa wiki moja kila mwezi huku wakiendelea kuulisha. Viazi vinashika vizuri kwa sasa. Mvua ndefu zikianza na maji kuingia kwa mfereji wa juu, nimewaambia watege nyungunyungu palepale maji yanapoingilia, maana siku hiyo mashamba yenyewe yatakuwa yanawaleta, na karpu watakuwa wamepanga foleni mdomoni mwa mfereji kabla ya tilapia kulizoea tope.